Nakala Isiyoulizwa

Dorcas mwanangu,

Mama yako ameshakuambia usikae juu ya mizigo kwenye kamio, hilo lori la kwenda Mahagi, ufiche simu ukifika bariere za askari, na usile nyama za kandokando ya barabara. Kwa hayo sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo asingeniachia nafasi. Nakuandikia kutoka ofisini. Ni saa kumi jioni, jua bado linawaka juu ya mabati ya jirani, na najua huko nyumbani mchungaji amefika, mashangazi wamefika, sombe iko motoni, na kiti changu kiko kitupu. Mama yako amepiga simu mara tatu. Mara ya tatu hakuniita kwa jina la kaka yako, Papa Gédéon, kama kawaida yake, aliniita kwa jina langu, nikajua mambo yameharibika.

"Batu beko nakungoya," alisema. "Mutoto anaenda kesho asubui. Ile mashini itakufa kama hauko naiangalia?"

"Inaweza kufa," nilimjibu.

Akakata simu.

Hakukosea kukasirika, lakini mimi pia sikusema uongo. Leo asubuhi, kabla sijamaliza chai, diski moja ya seva yetu ilianza kugonga, tak, tak, tak, halafu ikanyamaza. Zilikuwa mbili. Imebaki moja, na hiyo iliyobaki ndiyo inayonitia hofu. Tangu saa tatu nimekaa mbele yake nikitoa maandishi moja baada ya jingine na kuyahamishia mahali pengine kabla nayo haijafa. Siwezi kumwachia mtu mwingine. Kila ikikwama lazima niizime, niiache ipoe, nianze tena, na huku nasikiliza jenereta uani kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa.

Unaijua kazi ya ofisi yetu, umekuja hapa mara nyingi kuniletea chakula. Watu waliokimbia kutoka upande wa Fataki na Djugu wanakuja kueleza mashamba yao: mpaka unaanzia wapi, unafuata kijito gani, unapita kwenye minyaa ya nani, jiwe liko wapi. Kila familia inaleta mashahidi wawili. Tunawauliza mmoja mmoja, kila mmoja katika chumba chake, halafu tunaweka majibu yao pamoja na kuyalinganisha. Tukimaliza tunapiga picha karatasi, tunamrudishia mwenyewe. Lakini karatasi katika hema ya kambini haina maisha. Inalowa, inaliwa na mchwa, mtoto anawashia makaa. Kwa hiyo seva ndiyo kumbukumbu yenyewe. Kuna nakala nyingine Mahagi, ila tangu barabara iharibike kwa mambo unayoyajua, mpaka makamio yalipoanza kupita tena wiki hii, hakuna aliyepeleka mpya kwa miezi minne. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Yote yaliyoandikwa katika miezi hiyo minne yako kwenye diski hii moja tu iliyo mbele yangu.

Sasa nikueleze kosa langu la kwanza, maana la pili halieleweki bila hilo. Vumilia maneno ya fundi kidogo.

Mashine yenye diski mbili zinazobeba kitu kilekile huandika kote kuwili, kila siku, bila kuchagua. Katika kusoma ndipo inapochagua. Mtu akiomba ukurasa, mashine inatazama diski ipi haina kazi sasa hivi, au ipi iko karibu zaidi na mahali penye ule ukurasa, na hiyo ndiyo inayojibu. Ni kama makarani wawili wenye madaftari yanayofanana: mgeni huyu anakwenda kwa huyu, mgeni yule kwa yule, na foleni inapungua. Watu wengi wanadhani faida ni haraka tu. Mimi pia nilidhani hivyo, na nimesomea. Faida nyingine ni kwamba kila karani analazimika kufungua daftari lake. Panya akiwa amekula ukurasa kwa mmoja, siku mgeni akimfikia atagundua, atanakili upya kutoka kwa mwenzake, na kazi itaendelea.

Miaka miwili iliyopita diski ya pili iliharibika, tukapata nyingine iliyokwisha kutumika, nzito, ya polepole. Ilikuwa ikijibu baada ya kufikiri. Mama Bahati, karani wetu, alikuwa akingoja picha ifunguke huku ameshika shavu. "Hii photo itafunguka lini, Papa? Nikiisha kuzeeka?" Nilichoka kusemwa. Nikaiambia mashine: andika kote kuwili kama kawaida, lakini usome kwa diski ya kwanza peke yake, hii ya pili usiiulize kitu. Ni amri ya mstari mmoja. Kesho yake picha zilifunguka upesi, Mama Bahati akaninunulia Fanta, nikainywa kwa fahari.

Kwa miaka miwili diski ya pili haikuulizwa hata swali moja. Ilikuwa ikipokea tu. Taa yake ya kijani iliwaka kila siku, maana taa inasema kwamba inapokea, haisemi kama iliyopokea bado inayo. Na diski ya kwanza, iliyojibu maswali yote peke yake, ndiyo iliyokufa leo. Sisemi maswali ndiyo yaliyoiua. Ila hayakuisaidia.

Tangu asubuhi nimefungua maandishi karibu yote ya miezi hii minne. Yakifunguka naweka alama kwenye daftari langu, yasipofunguka naweka msalaba. Nina misalaba tisa. Mmoja ni wa mama mjane wa upande wa Fataki ambaye shahidi wake mmoja amekwisha kufariki. Huyo hatutampata tena kumuuliza. Nimelijaribu andishi lake mara sita. Inasaga, inasaga, halafu inaniambia haiwezi. Nilipiga meza kwa ngumi mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Na kuna andishi moja ambalo sijalifungua. Nimeliruka mara tatu tangu saa sita. Nilijiambia kwamba diski imechoka, niiache ipumue, nianze na mengine. Ni kisingizio kizuri, fundi yeyote angekikubali. Andishi hilo ni la Papa Zakayo, jirani wa babu yako.

Najua umeshtuka kuliona jina hilo, kwa hiyo turudi kwenye lile benchi.

Unakumbuka vizuri kuliko mimi. Ilipofika zamu ya familia yetu kuandikisha shamba la babu yako, mimi sikuwa na la kusema. Niliondoka kijijini nikiwa kijana, kuja Bunia kujifunza kutengeneza redio, na mpaka wa shamba letu nilikuwa nikiujua kwa jina tu. Babu aliwatembeza nyinyi wawili, wewe na yaya yako Gédéon, kaka yako mkubwa, likizo baada ya likizo, mkapita kwenye minyaa yote mkaishika kwa mkono. Aliwapa kitu kilekile, wote wawili. Kanuni ya ofisi ilitaka kila mmoja aulizwe katika chumba chake. Kanuni hiyo niliilinda kwa wageni wote, hata kwa watu wakubwa waliokuja na madereva. Kwa watoto wangu nilimwambia Mama Bahati, "Hawa ni wa nyumbani, wakae tu hapa." Nikawaweka kwenye benchi moja, mimi nimesimama mbele yenu, nikamuuliza Gédéon.

Nilimuuliza Gédéon kwa sababu siku zote nilimuuliza Gédéon. Ufunguo uko wapi, muulize Gédéon. Ng'ombe yule alichinjwa mwaka gani, muulize Gédéon. Alikuwa na majibu mdomoni kabla swali halijaisha, na mimi ni mtu asiyependa kungoja. Wewe ulikuwa unatazama chini kwanza, unafikiri, na nilipokuwa nikiona unafikiri nilidhani hujui. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili, haikunisaidia kitu.

Gédéon akasema jiwe la mpaka liko ng'ambo ya chemchemi, kwa hiyo chemchemi ni yetu. Wewe ukainua kichwa.

"Hapana, Papa," ulisema. "Jiwe iko huku, upande yetu. Maji ni ya kwa Papa Zakayo. Babu alikuwa nabishaka hodi mbele ya kuchota."

Nakala mbili hazikulingana. Mashine yangu, ikifikia hapo, haina njia ya kujua ipi ni ya kweli. Inachukua ile iliyozoea kuisoma. Lakini mimi si mashine, ningeweza kukaa chini nikauliza tena. Badala yake nilikwambia mbele ya Mama Bahati na wageni wawili waliokuwa mlangoni: "Nyamaza, Dorcas. Yaya yako ndiye anajua." Ulitia sahihi mahali nilipokuonyesha. Tangu siku ile hukuniletea tena chakula ofisini, na mimi nilisema mtoto amekua, ana mambo yake.

Miezi miwili iliyopita Papa Zakayo aliingia ofisini, ameshika kofia, na akaandikisha shamba lake. Mimi ndiye niliyepiga picha karatasi zake. Nilisoma: jiwe liko upande wa jirani, chemchemi iko kwangu, jirani mzee alikuwa akibisha hodi kabla ya kuchota. Ni maneno yako, Dorcas, hata ile hodi. Jioni ile nilimpigia Gédéon huko Kisangani, nikamwambia aniambie ukweli, sitakasirika.

"Papa, mie sikuwaka nakumbuka muzuri," alisema. "Nilisema vile juu ulikuwa unaniangalia. Sikutaka uone sijue."

Nilikasirika, ingawa nilikuwa nimeahidi. Baadaye nikalala na neno lake. Mtoto aliyeulizwa kila kitu tangu ana miaka sita hakuwahi kupata nafasi ya kusema sijui. Nilimchosha yeye kwa kumuuliza, na wewe kwa kutokuuliza. Wakati ule niliona aibu zaidi kwa ajili yake. Leo sijui.

Baada ya hapo nilitakiwa kufanya jambo moja rahisi: kwenda kwa Mama Bahati, kusema ushuhuda wangu una kosa, tuuandike upya. Sikwenda. Wiki ya kwanza nilisema kuna kazi nyingi. Wiki ya pili nilisema mashamba yenyewe hayafikiki, nani anagombania chemchemi ambayo hakuna anayeweza kuikaribia. Lakini sasa watu wanaanza kuzungumza habari za kurudi, na wiki ijayo wakubwa wa kolektivite, utawala wa eneo letu, wanakuja kuchukua nakala zetu ili watatue mipaka. Watakachokikuta kwenye seva ndicho watakachokifuata.

Fikiria mahali nilipo. Ushuhuda wetu wenye uongo ni wa zamani, uko salama Mahagi. Ushuhuda wa kweli wa Papa Zakayo uko kwenye diski hii tu. Karatasi yake mwenyewe, ameniambia mlinzi wa kambi, iliungua pamoja na hema yake mwezi uliopita. Msalaba mmoja zaidi katika daftari langu, wa kumi, na chemchemi ni yetu, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuninyooshea kidole, kwa sababu diski kweli ni mbovu. Mchawi mpe mwanao kulea, wanasema. Hapa mchawi amepewa na daftari la kuandikia.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimetoka uani, nimetia mafuta kwenye jenereta, nimerudi. Nimelifungua.

Lilichukua muda mrefu. Diski ilisaga, ikanyamaza, taa ikazima, nikahesabu mpaka ishirini na kitu. Halafu picha ikaanza kushuka polepole, mstari mmoja mmoja kutoka juu: jina lake, alama ya kidole gumba chake, jiwe, chemchemi, hodi. Yote yapo. Hakuna hata herufi iliyopotea.

Na sasa nakuambia kitu ambacho sitakiambia mchungaji wala mama yako. Moyo wangu ulishuka. Nilipoona picha imekamilika, kabla sijafurahi, nilisikia uchungu mdogo, kama wa mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa. Ulidumu kwa pumzi moja tu, lakini ulikuwepo. Nina miaka hamsini na tatu, nimekuwa shemasi, nimekesha kulinda mipaka ya watu, na nilikuwa nikitumaini diski iharibike kwa niaba yangu. Nimeona haya, Dorcas.

Nilihamisha andishi, nikaweka alama, kisha nikampigia Papa Zakayo kabla ujasiri haujaniisha. Nilimwambia yote: benchi, Gédéon, miezi miwili ya kunyamaza. Sikuacha kitu isipokuwa ile pumzi moja. Nikasikia watoto wa kambi wakicheza nyuma yake.

"Mie nilijua," alisema mwishoni.

"Ulijua namna gani?"

"Mutoto yako ya mwanamuke alikuya hapa kwangu. Iko siku mingi sasa. Aliniambia, Papa Zakayo, maji yako banaandika kwa jina yetu. Kuya uandikishe yako. Mie nikawaka na kasirani, nikasema papa yako ni mwizi. Akakataa. Akasema, Papa hakuiba, hakuuliza tu. Ni yeye alinisindikiza mupaka kwa mulango ya ofisi yenu. Nilimwambia ingia, akasema hapana, ataningojea inje."

Siku ile ulikuwa nje ya mlango wangu, hatua kumi kutoka kwenye meza hii, na mimi ndani nikisoma maneno yako kwenye karatasi ya mtu mwingine nikidhani hujui kwamba ameyaleta.

Mengi ningependa kukushauri kwa ajili ya Mahagi na hiyo shule ya ukunga, na leo sioni kama nina haki. Nitasema moja tu, kwa sababu nimelilipia. Huko utafanya kazi na wanawake wengi, na kutakuwa na mmoja anayejua kujieleza na mwingine anayetazama chini. Mkaribie huyo wa pili na umuulize, na asipojibu upesi ukae. Mimi sikukaa. Nilikuwa na binti aliyebeba shamba zima la babu yake kichwani, pamoja na maji na hodi, na nilikula naye meza moja miaka kumi na tisa nikimwomba chumvi.

Nimefuta ile amri ya mstari mmoja. Diski mpya ikipatikana, maswali yatakwenda kote kuwili, na Mama Bahati atangoja picha zake huku ameshika shavu. Misalaba tisa nitaitafutia watu wake mwenyewe, hema kwa hema, nianze na yule mjane.

Yote yanayofunguka nimekwisha kuyahamisha, nafunga ofisi sasa. Bado kuna mwanga, nitafika kabla hawajamaliza kuomba. Nitakupa barua hii mkononi, kisha nitakaa nje penye jiko mpaka uimalize, kwa sababu maneno haya mdomo wangu hauyawezi. Ndani ya bahasha kuna fomu yetu ya ushuhuda, mpya. Juu nimeandika jina lako mahali pa shahidi wa kwanza. Chini nimeacha wazi. Ukimaliza kusoma nitaingia na kalamu, nikuulize babu alikuonyesha jiwe liko wapi. Una haki ya kuniambia nimechelewa, kamio linapakia saa kumi na moja alfajiri na wewe una mizigo ya kufunga. Nitaelewa. Lakini nitakuwa nimekuuliza.

Papa yako